Reli ya Pazia la MaKhumalo

Jeanine, wewe uliyerithi meza yangu ya kazi na ile stuli yenye mguu mfupi, wiki yangu ya mwisho uliniuliza swali ambalo sikulijibu. "Mama Zawadi, unajuaka namna gani kama mbao iko hapa, haiko pale? Ukuta yote iko sawa tu." Nikakuambia nitaandika. Ulidhani nakukwepa. Kweli nilikuwa nakukwepa, maana chai ilikuwa inapoa. Sasa nina mwezi mzima tangu nistaafu, sakafu nimeipiga deki mpaka imechoka, na daftari ninalo.

Basi naandika. Nitaeleza habari ya mbao, na nitaeleza pia habari ya pazia la MaKhumalo, lile lililoanguka mara tatu mikononi mwangu na ambalo mlilitaja hata kwenye hotuba ya kuniaga. Ninyi nyote wa karakanani mnaosoma Kiswahili, Warundi na Wakongo, someni. Wasiokisoma msiwatafsirie, hasa sehemu ya mwisho. Sababu mtaiona tukifika.

Nilianza kazi miaka ishirini na miwili iliyopita. Wakati huo nilikuwa nakaa South Beach, hapa Durban, ghorofa ya tisa, katika fleti ya vyumba viwili yenye familia nne. Tulijigawa kwa mapazia. Mimi na binti yangu Zawadi, aliyekuwa bado mdogo, tulikaa kati ya dirisha na mlango wa choo, na pazia letu lilikuwa shuka la kijani lililoning'inizwa kwa misumari miwili na kamba ya kuanikia nguo. Upande wa pili wa shuka alikaa mama mmoja wa Bujumbura, msusi wa nywele mjini. Yule mama alijua ninachoota. Asubuhi alikuwa akinipa pole kabla sijamsimulia.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kuna karakana Isipingo inatafuta mtu wa kushona na kufunga mapazia ya karavani. Karavani nilikuwa siijui. Akanieleza kuwa ni nyumba ndogo yenye magurudumu, na kwamba watu wenye nyumba kubwa huifunga nyuma ya gari wakaenda mbali kulala humo ndani, kwa raha zao. Nikamwuliza kwa nini. Hakujua, na mpaka leo mimi pia sina jibu kamili.

Bosi aliniuliza kama nina uzoefu wa mapazia. Nikamwambia naishi ndani ya moja. Nadhani aliona Kiingereza changu ndicho kibovu, akaniandika kazi hivyo hivyo.

Fundi mkuu wa mapazia alikuwa MaKhumalo, mama wa Kizulu, mfupi, mpana, mwenye penseli nyuma ya sikio ambayo sikumwona akiitumia hata siku moja. Alinitazama kuanzia viatuni, akasema, "Sisi, woza." Woza niliielewa kwa sababu aliniita kwa mkono. Sisi niliielewa kwa Kiswahili, nikageuka kuangalia mwenzangu ni nani. Hakuna aliyeniambia kwamba huku wakikuita sisi, wanakuita dada.

Akaniingiza kwenye karavani iliyokuwa karibu na geti. Jua lilikuwa kali, na kwenye dirisha la kitandani kulikuwa na pazia la kahawia lenye maua ya rangi ya chungwa, limesogezwa pembeni. Alitaka nione jinsi mwanga unavyopenya ukingoni mwa pazia lililolegea. Akalinyooshea kidole, akasema, "Vala," kisha mtu akamwita nje, akatoka.

Sasa, sisi tuliokulia Uvira, nguo tunazivala. Wengine huzivaa, lakini kwetu ile l haijapotea. Nilikuwa nimekuja bila koti la kazi, na tangu asubuhi nilikuwa nikijiuliza watanipa lini. Nikaona nimepewa. Nikalichomoa lile pazia kwenye waya wake, nikajifunga kiunoni kama kitenge, nikachomeka ncha vizuri isilegee, nikaenda mezani kuanza kazi. Nilikuta kitambaa ni kizito kidogo, lakini sikutaka kuonekana mtu wa kulalamika siku ya kwanza.

Nilishona hivyo mpaka saa nne, saa ya chai. Karakana nzima ilipita mbele yangu, na hakuna aliyesema neno. Baadaye MaKhumalo alinieleza kwamba waliulizana pembeni, wakakubaliana kuwa bila shaka ni desturi ya kwetu, na kwamba si adabu kumcheka mgeni kwa desturi yake. Vala kwa Kizulu ni funga. Alikuwa ameniambia nifunge pazia.

Mwenye karavani alifika kabla chai haijaisha. Alinikuta nimesimama na kikombe mkononi, nimevaa dirisha lake. MaKhumalo akamwambia, bila kutabasamu, kwamba tunalipima pazia kama linachanika mtu akilitumia kwa nguvu. Yule bwana akauliza kama limechanika. MaKhumalo akanishika bega, akanizungusha mzunguko mmoja, akakagua mishono yote, akamjibu kwamba ni imara. Bwana akashukuru. Nilirudi South Beach siku ile nikiwa na hakika kwamba nimepata mwalimu.

Sasa habari ya mbao. Ukuta wa karavani ukiutazama unafikiri ni ukuta. Kwa nje kuna bati jembamba la aluminiamu, kwa ndani kuna ubao mwembamba kama jalada la kitabu, na katikati kuna povu jeupe linalopasuka ukiligusa kwa kucha. Mbao ya kweli ipo, lakini ni fito chache tu zilizopita huku na huku. Ukikaza skrubu kwenye fito, pazia litakaa miaka. Ukiikaza kwenye povu, itazunguka, itazunguka tena, na mwisho utajidanganya kwamba imekaza. Mteja akifika robot ya tatu, yaani taa za barabarani, pazia liko sakafuni. Na ukichukua skrubu ndefu ili uwe na uhakika, itatokea upande wa nje. Mimi nilifanya hivyo wiki ya pili. Mteja hakugombana nasi, alitundika kofia yake.

MaKhumalo alinifundisha kugonga. Tumia kifundo cha kidole cha kati, Jeanine, na gonga taratibu ukisogea inchi kwa inchi. Penye povu sauti ni pana na tupu. Penye mbao sauti ni fupi, nene, inabaki pale pale ulipogonga. Nami kwa mazoea ya nyumbani siwezi kugonga kitu nikakaa kimya. Kila nikigonga nilijikuta nasema hodi, chini chini, na sauti nene ikija najijibu karibu. MaKhumalo alinisikiliza siku mbili, siku ya tatu akauliza nazungumza na nani. Nikamweleza kwamba kwetu huingii kwa mtu bila kuomba ruhusa. Akafikiri, akasema ukuta huu umeingiliwa sana bila ruhusa, ndiyo maana una matundu mengi. Tangu hapo na yeye akawa anapiga hodi, na wengine wakafuata. Leo wako mafundi pale ambao hawajui neno lingine la Kiswahili. Wewe, Jeanine, ulipofika ulidhani ni maombi, ukaitikia amina.

Jambo la pili alilonifundisha ni kusoma tundu. Pazia likiletwa limelegea, usikimbilie bisibisi. Toa skrubu, tazama tundu ililoacha. Tundu lililopanuka pande zote sawasawa ni la mtikisiko, mteja amepita barabara mbaya. Tundu jeusi, lenye ukingo laini, ni la maji, tafuta panapovuja kwanza. Tundu lililochanika kwenda chini ni la uzito. Hapo kuna kitu kilichoning'inia, au mtu aliyevuta. "Pazia halianguki lenyewe," alikuwa akisema. "Na usimwulize mwenyewe. Mwenyewe atasema ni upepo. Uliza tundu."

Mwaka wangu wa tatu alikuja bwana mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye pazia lake la jikoni lilianguka mara nne katika msimu mmoja. Kila mara alisema ni upepo. MaKhumalo akatoa skrubu, akachungulia, akaniita nami nichungulie. Tundu lilikuwa limechanika kwenda chini kama mfuko wa suruali. Akashika waya wa pazia, akanusa vidole, akanipa ninuse. Ulinuka bahari. Yule mwalimu alikuwa akiogelea kwa lile vazi zito la mpira, na akitoka majini analianika kwenye waya wa pazia, likiwa linachuruzika maji.

MaKhumalo hakumwambia kitu. Alirudisha pazia mahali pake, kisha akafunga ndoano kubwa ya chuma karibu na mlango, iliyoshika kwenye fito mbili, ambayo ingeweza kubeba mbuzi. Mwalimu akauliza ni ya nini. "Ya kofia," MaKhumalo akasema. Hatukumwona tena. Nilimwuliza kwa nini hakumwambia ukweli, tukawa tumemaliza.

"Nikimwambia, atabishana," akasema. "Nikimfungia ndoano, atatundika."

Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na sita. Tulizungumza Kizulu chake kilichokatwakatwa kwa ajili yangu, Kiingereza changu, na Kiswahili cha ukutani. Sijui kama naweza kueleza jinsi nilivyompenda yule mama, kwa hiyo nitasema tu kwamba nilimpenda. Alinigombeza sana. Alinigombeza kwa skrubu za kawaida, kwa sababu hewa ya bahari inazila, na akanizoeza zile zisizoshika kutu. Alinigombeza kwa kupiga magoti bila mto. Kazi yetu yote ni ya magoti, alisema, karavani ni nyembamba na kila dirisha liko juu ya kitanda au chini ya kabati. Kila fundi mpya alipewa mto wa kupigia magoti. Yeye mwenyewe hakuwahi kuutumia, na mimi nilimwiga yeye badala ya kumsikiliza.

Alipostaafu, bosi alimwachia karavani namba tisa ya pale karakanani, ambayo mteja wake aliitelekeza zamani na haikuwa na mnunuzi. Tuliivuta mpaka uani kwa binti yake, Thandeka, kule Isipingo juu, tukaipandisha juu ya matofali. Haijasogea tena. MaKhumalo alipaka mlango rangi ya samawati, akaweka jiko lake, redio yake na kitanda chake chini ya dirisha kubwa. Thandeka alimtaka ndani ya nyumba, lakini ndani kuna wajukuu watatu na televisheni moja. MaKhumalo alisema amelala na watu maisha yake yote, sasa anataka kuwa na mlango ambao yeye ndiye anayeufunga. Mimi niliyelala miaka sita nyuma ya shuka la kijani sikuhitaji maelezo.

Mwaka jana Thandeka alinipigia simu. Pazia la kitandani mwa mama yake limeanguka, je, naweza kupita. Nilikwenda Alhamisi baada ya kazi. Nilipiga hodi ukutani, nikapata fito, nikafunga skrubu mpya. MaKhumalo alikaa kitandani akinikosoa kutoka mwanzo hadi mwisho. Tulipokuwa tunakunywa chai alinitajia, akitazama pembeni kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba Thandeka na kaka yake wamekwisha kuamua. Siku mama akishindwa kuinuka mwenyewe, karavani itauzwa, na yeye atapelekwa Newcastle, mji wa ndani ulio mbali na Durban, kwa kaka, ambako kuna mke wa kaka na chumba cha nyuma. Thandeka si mtu mbaya. Anatoka alfajiri kwenda dukani mjini na kurudi jioni, na hofu yake ni kumkuta mama yake sakafuni amekaa hapo tangu asubuhi.

"Nimewaambia waandike barua," MaKhumalo akasema. "Nitaijibu nikiwa nimesimama."

Baada ya wiki mbili pazia likaanguka tena. Safari hii Thandeka alipiga simu karakanani, bosi akapokea, nanyi nyote mkasikia. Nilipofika, Thandeka alikuwapo, amesimama mlangoni na sare yake ya dukani.

"Mama, umelivuta?" akamwuliza.

"Nilivute kwa nini?" MaKhumalo akasema. "Mama Zawadi hakulifunga vizuri. Amekuwa na haraka siku hizi."

Jeanine, nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini kwenye kazi hii. Nilifunga tena, nikabadilisha na vikulabu, nikaaga kwa sauti ya mtu aliyeudhika, na njia nzima kwenye taxi nilikuwa namjibu moyoni. Mkaanza kuniuliza kila asubuhi kama mapazia yamelala salama. Mmoja wenu aliweka kipande cha utepe wa gundi mezani kwangu, nimjuaye sitamtaja, lakini ni mrefu.

Likaanguka mara ya tatu. Nilikwenda nikiwa na hasira, na kwa sababu ya hasira sikukimbilia bisibisi. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikatazama.

Tundu la upande wa mto lilikuwa limechanika kwenda chini. La upande wa miguuni lilikuwa zima. Nikachukua pazia lenyewe. Mahali pamoja, usawa wa mkono wa mtu aliyekaa, kitambaa kilikuwa kimekunjamana na kung'aa, kama mpini wa jembe unavyong'aa unaposhikwa kila siku. Nikanusa. Kilinuka ile dawa ya kuchua magoti anayonunua MaKhumalo kwa wale mama wa sokoni, yenye kafuri ya kutoa machozi.

Niliinua macho. MaKhumalo alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Alikuwa ananitazama tangu nilipoanza kunusa. Yeye ndiye aliyenifundisha kunusa.

"Ni upepo," akasema.

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Redio ilikuwa inaimba kwaya.

"Ndiyo, Ma," nikasema. "Upepo wa huku juu una nguvu."

"Hasa asubuhi," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. Sikuwahi kuisikia hivyo. Nikajishughulisha na kukunja pazia ili asinione macho.

Wakati ule ndipo nilipoelewa pia kwa nini lawama iliniangukia mimi. Kati ya mimi kuonekana fundi mbovu na yeye kupelekwa Newcastle, alikuwa amechagua, na kama angeniuliza ningechagua vile vile. Thandeka alipoingia nikamwambia kwamba kosa ni langu, nilitumia skrubu fupi mno, na kwamba Alhamisi ijayo nitakuja na reli ya aina nyingine. Alinitazama kwa huruma. Nadhani alianza kujiuliza mimi nitapelekwa wapi.

Wiki ile sikutulia. Nilijiuliza kama namsaidia MaKhumalo au namsaidia kuficha, na kama siku moja ataanguka na mimi ndiye niliyekuwa najua. Nilichopata ni bomba la chuma kisichoshika kutu, nene kama fimbo ya mchunga ng'ombe, lililobaki kwenye ngazi ya karavani moja kubwa. Bosi aliniuliza nalitaka la nini. Nikamwambia la pazia. Akasema kwa jinsi ninavyofunga siku hizi, afadhali.

Mnajua kwamba pazia la karavani lina waya wa juu na waya wa chini, kwa sababu dirisha limeinama na pazia lisiposhikwa chini litaning'inia mbali na kioo. Alhamisi niliomba ruhusa ya nusu siku, nikaenda kwake, na waya wa juu niliuacha. Wa chini niliutoa, na mahali pake, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa kitandani, ndipo nilipotaka kuweka bomba. Nikapiga hodi. Povu. Nikasogea, hodi, povu. Fito ya kwanza ilijibu karibu na mto, ya pili mbali, karibu na miguu, na katikati hapakuwa na kitu. Nikakata ubao mgumu, nikaulaza kutoka fito hadi fito, nikatoboa mpaka nje, nikapitisha boliti na kuweka bamba la chuma upande wa bati ili zisivutike. Bomba nikalikaza juu ya ubao. Mchana mzima ulikwisha. MaKhumalo hakunikosoa hata mara moja, jambo lililonitisha kidogo.

Nilipomaliza nikasema, "Reli ya pazia iko tayari, Ma. Ikague."

Alihamia ukingoni mwa kitanda. Akapitisha kidole kwenye boliti moja moja, kama alivyokuwa akikagua kazi yangu zamani. Akaweka mkono juu ya bomba, kisha wa pili. Akavuta. Magoti yakalia, yote mawili, na akainuka, polepole, mpaka akasimama wima mbele ya dirisha lake. Bomba halikusogea. Mimi ndiye niliyeshika ukuta.

Alisimama pale kidogo akitazama uani. Kisha akalionyesha pazia kwa kidevu.

"Vala," akasema.

Nikalifunga. Safari hii sikulivaa.

"Ngiyabonga, sisi," akasema, yaani asante, dada. Niliisikia kwa lugha zote mbili.

Thandeka aliingia akiwa na mfuko wa mkate. Aliliona bomba kabla hajauweka mezani. Akaligusa, akainama kutazama boliti, akanyanyua pembe ya pazia.

"Mbona nene hivi?" akauliza. "Pazia lenyewe halina hata uzito. Na karavani haiendi popote."

Mimi nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu upepo. MaKhumalo hakuningoja. Alikuwa bado amesimama, mkono mmoja juu ya bomba kana kwamba ameuweka tu.

"Ndivyo wanavyofunga kwao," akasema. "Ni desturi yao."

Thandeka akanigeukia. "Kweli, Mama Zawadi?"

Nikamwambia kweli. Nikamwambia Uvira kila nyumba ina bomba kama hilo chini ya dirisha, na jingine karibu na mlango, na kwamba Alhamisi ijayo ningeleta la mlangoni, maana moja peke yake huleta mkosi. Thandeka amelelewa vizuri. Hakucheka desturi yetu.

Mwaka umepita. Pazia halijaanguka. Nakwenda kila Alhamisi na kukaza boliti ambazo hazijalegea, na MaKhumalo anapika chai akiwa amesimama. Alfajiri, Thandeka akitoka kuwahi taxi, anamkuta mama yake mlangoni, amevaa, anamwambia asisahau mwavuli. Barua ya Newcastle haijaandikwa. Wala MaKhumalo wala Thandeka hasomi Kiswahili, ndiyo sababu nimeandika kwa uhuru, na ndiyo sababu nimewaomba mfunge midomo. Sasa mnajua kwa nini pazia lilianguka mara tatu. Endeleeni kunicheka, mkiacha ghafla bosi atashangaa.

Mimi siku hizi nina chumba kizima South Beach, chenye kuta na mlango. Lile shuka la kijani nafunikia mashine ya kushonea. Mwezi uliopita, baada ya ile hotuba yenu, nilibeba kipande cha bomba kilichobaki nikakifunga ukutani karibu na kitanda changu. Ukuta ni wa zege, haujibu hodi, lakini nilipiga.

Zawadi alikuja Jumapili baada ya kanisa. Ni mtu mzima sasa, amekulia Durban, Kizulu anakijua kuliko mimi. Akakaa kitandani, akaliona.

"Mama, hii ya nini?"

"Ya pazia."

"Dirisha iko upande ule."

Nilifikiri. Huyu nisingeweza kumdanganya habari za Uvira.

"Ni desturi ya Wazulu," nikasema.

Alilitazama bomba, akayatazama magoti yangu, akalitazama bomba tena. Kisha akalishika kwa mikono miwili, akalitikisa kwa nguvu zake zote, na halikutikisika.

"Sawa, Mama," akasema. "Ni desturi nzuri."